Wembe Ukifika Shingoni

Tarehe 4 Februari

Waya, mdogo wangu,

Habari za huko. Sisi ni wazima, kwa kadiri watu wa nyumba hii wanavyoweza kuitwa wazima. Bati la jikoni limezibwa. Jirani mshona viatu anakusalimu na anauliza kama vile viatu vilikubana, maana uliondoka navyo bila kumjibu. Masikio yangu ni yaleyale: la kushoto limekufa, la kulia linasikia mtu akisogea karibu na kupaza sauti. Daktari amesema mashine za kiwandani hazirudishi zilichochukua. Hilo nililijua kabla ya kupanga foleni.

Ndiyo maana nakuandikia, na wewe niandikie. Ukinipigia simu ninachopata ni kuona taa ikiwaka.

Sasa Mama. Sisemi anakula kidogo, nasema hali kabisa. Tangu tumzike Baba mwezi wa kumi na moja amepungua hadi pete imebidi nimvue. Nimeifunga kwenye kitambaa, iko kabatini. Nikimpa kijiko anakishika, kisha anakisahau mkononi. Nikimlisha anafunga mdomo na kugeukia ukutani. Macho yake sasa yanaona mwanga tu: dirisha liko wapi, mlango uko wapi. Akili inakwenda na kurudi. Juzi aliniuliza kama mimi ndiye mfuaji mpya wa taulo za kinyozini kwa Baba. Nikasema ndimi. Akaniambia, "Basi suuza vizuri, za jana zilikuwa na sabuni. Mteja akiwashwa shingo anamlaumu kinyozi."

Ulisema nijaribu tena kumpa simu akusikie. Nimejaribu. Nikiisogeza sikioni anaipiga kofi, anasema kuna inzi.

Ndiyo habari niliyonayo. Sikuulizi unakuja lini.

Dada yako


Tarehe 11 Februari

Dada, shikamoo.

Mimi mzima. Nimehamia chumba kingine katika jengo lilelile, ghorofa ya juu zaidi. Kina dirisha, nalo linatazama ukuta. Mwenye nyumba ni mama mkali ambaye kila akinikuta kwenye ngazi ananiuliza kama nimefunga bomba. Kazi ni ileile: nakaa mezani, watu wa ofisi za watu wananipigia kwamba kompyuta zao zimegoma, nami naziingia kwa mbali na kuzitengeneza. Sura zao sizijui. Mwambie mshona viatu kwamba vilibana.

Hujaniuliza, lakini nitajibu. Karatasi zangu bado ziko mezani kwa mtu. Nikitoka kabla hajazisaini, mlango unafungwa nyuma yangu na sirudi tena. Ilikuwa hivyo mwezi wa kumi na moja na iko hivyo leo.

Nimefikiria jambo. Ile kompyuta niliyomtumia Baba, iliyoko chumbani kwa Mama, ina nyimbo zote za kinyozini. Mwaka juzi yule fundi wa kona alizihamisha kutoka kwenye kanda, zote, na kelele zake. Programu ya muziki iliyomo inaweza kupokea amri kutoka kompyuta nyingine, ikifunguliwa njia. Mimi nitatengeneza kidirisha kidogo kitakachokaa kwenye pembe ya skrini yangu hapa. Kitakuwa na kitufe cha kucheza, cha kusimamisha, cha wimbo unaofuata, na mstari wa kupandisha na kushusha sauti. Nikibonyeza huku, wimbo unalia kwa Mama. Ninyi hamtagusa kitu. Kazi yenu ni kuiacha kompyuta iwake.

Najua utasema ni mchezo wa watoto. Simu kwake ni inzi, sawa. Lakini nyimbo zile aliishi nazo. Nataka ajue kwamba nipo, Dada. Basi.

Mwite fundi. Nimemwandikia maelezo, anayo.

Waya


Tarehe 2 Machi

Waya,

Marahaba. Hapa mvua imeanza na bati lililozibwa linavuja upande wa pili. Mshona viatu amesikitika kuhusu viatu. Anasema ungevivaa na soksi nyembamba.

Fundi alikuja. Alisoma maelezo yako akiwa amesimama, kisha akaomba kiti. Akaniinamia kwenye sikio zima akapaza sauti mpaka Mama akashtuka: "Shangazi, huyu ndugu yako anataka nitoboe tundu kwenye ukuta wa kompyuta!" Nikamwambia atoboe. "Wezi watapita!" Nikamwambia wakipita watakuta taulo. Akafanya kazi yake, akanionyesha mshale ukisogea wenyewe kwenye skrini, akasema huyo ni wewe. Nilikupungia mkono. Fundi akasema huwezi kuniona. Nikamwambia hata mimi sikusikii, kwa hiyo tuko sawa.

Ninavyojua kwamba muziki unalia ni kuweka kiganja juu ya spika. Ukilia, inatetemeka.

Sasa nikuambie jambo. Wiki iliyopita ulinitumia meseji Alhamisi ukisema umempigia Mama kanda yote ya kijani, pande zote mbili, na kwamba mambo yanakwenda vizuri kabisa. Umeme ulikatika hapa Jumanne, ukarudi Ijumaa jioni. Kompyuta ilikuwa imezimika muda wote huo. Sijui ulimpigia nani.

Mama bado hali chakula.

Dada yako


Tarehe 9 Machi

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako kazini nikacheka, halafu sikucheka tena.

Kosa ni langu. Kidirisha kilikuwa kinanionyesha nilichoamuru, si kilichotokea. Nikibonyeza "cheza", kinaandika "inacheza", hata kama upande wa pili hakuna mtu wala mashine. Nilikaa jioni nzima natazama majina ya nyimbo yakipita, moja baada ya jingine, nikiamini Mama anasikiliza. Nilikuwa hata nimejimiminia chai.

Nimekivunja na kukiunda upya. Sasa kila baada ya muda mfupi kinaiuliza kompyuta ya Mama: unacheza nini, sauti iko wapi? Kinaandika jibu lake tu. Ikijibu, pembezoni mwa kidirisha kunakuwa kijani. Isipojibu, kijivu. Kikiwa kijivu nakaa na mikono yangu mapajani.

Nitampigia kila siku. Naomba kitu kimoja. Niambie Mama anasema nini akisikia. Usinifupishie. Neno kwa neno.

Waya


Tarehe 30 Machi

Waya,

Marahaba. Nimechelewa, mafua yalinilaza. Mvua imepungua. Mjukuu wa mshona viatu ameota jino na mtaa mzima umeitwa kulitazama.

Mama amekula.

Nitakuambia ilivyokuwa. Jumatano saa sita mchana nilikuwa nimekaa kitandani kwake na bakuli la supu. Spika ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo ulikuwa kazini. Mama alikuwa anavutavuta shuka kama kawaida yake, mikono haitulii. Nikaona kwenye skrini mstari wa sauti unashuka wenyewe, taratibu, ukasimama karibu na chini kabisa. Nikaweka kiganja: spika imetulia. Nikarudi kumtazama Mama. Mikono ilikuwa imesimama. Kidevu kimeinuka kidogo. Alikuwa anasikiliza, mdomo umelegea. Nikamwekea kijiko. Akameza. Nikamwekea kingine. Tuliendelea hivyo mpaka ulipopandisha sauti, na hapo akaanza tena kuvuta shuka na kufunga mdomo. Lakini bakuli lilikuwa limefika nusu.

Nilifikiri sana, kisha nikaelewa. Wembe ukifika shingoni Baba alikuwa anashusha redio ya kanda, na kinyozini pote watu wananyamaza asije akakata mtu. Hata Mama nyuma ya pazia aliacha kukamua taulo ili maji yasilie kwenye beseni. Huo ndio utulivu alioukumbuka.

Kwa nini ulishusha? Na unaweza kushusha kila siku saa sita, nusu saa hivi? Mimi nitakuwa tayari na bakuli.

Dada yako


Tarehe 4 Aprili

Dada, shikamoo. Pole kwa mafua.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi, mwenye nyumba akanipita na hakuniuliza kuhusu bomba. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Nilishusha kwa sababu niliwaza kwamba saa hiyo huenda amesinzia. Hakukuwa na hesabu nyingine. Mkono ulikwenda wenyewe.

Lakini nikurekebishe jambo moja. Wewe ulikuwa kiwandani mchana, hukuyaona haya. Si Baba aliyekuwa anashusha. Baba mikono yake ilikuwa kwenye wembe na kichwa cha mtu, angeshushaje? Nilikuwa mimi. Ile redio haikulia mpaka mtu ashike waya wa nyuma kwa vidole viwili, na mtu huyo nilikuwa mimi, kila siku nikitoka shule, ndipo jina liliponipata. Wembe ukikaribia shingo Baba aliinua nyusi kwenye kioo, nami nashusha. Wembe ukitoka, anakung'uta shuka na kusema kwa sauti, "Waya, pandisha!" Napandisha. Watu wanaanza tena kupiga domo.

Kwa hiyo alichokisikia Mama Jumatano ni mkono wangu. Ni uleule.

Nitashusha kila siku saa sita yenu. Huku ni asubuhi, niko mezani kazini, kidirisha kitakaa pembeni ya kazi za watu. Mkubwa wangu haangalii pembe za skrini.

Hukunijibu nilichouliza. Anasema nini? Amejua kwamba ni mimi?

Waya


Tarehe 20 Aprili

Waya,

Marahaba. Supu inakwenda. Sasa ninamsagia na viazi ndani yake, anameza. Juzi alidai chumvi. Fundi alipita kuona kama tundu lake limeingiza wezi, nikampa chai.

Uliuliza tena. Nilitaka uache kuuliza.

Mama anasema Baba amerudi kazini. Ukishusha sauti, ananiwekea kidole mdomoni, ananiambia, "Nyamaza, baba yenu yuko na mteja." Anakula kwa sababu mume wake yuko chumba cha mbele ananyoa watu na mambo yako kama yalivyokuwa. Kile kiti cha kunyolea bado kiko palepale, sijakitoa, nimekifunika tu. Kwake hakijafunikwa.

Nilipopata barua yako nilimsogelea nikamwambia, "Mama, anayeshusha redio ni Waya." Alitabasamu kama mtu aliyesikia mtoto anatunga hadithi. Akasema, "Waya yuko mbali. Mkono wake haufiki hapa."

Hayo ndiyo maneno yake. Ulitaka neno kwa neno.

Usibadilishe kitu, mdogo wangu. Anakula.

Dada yako


Tarehe 26 Aprili

Dada, shikamoo.

Niko salama. Nimerekodi sauti yangu. Ni fupi, dakika haifiki. Nimesema, "Mama, ni mimi, Waya. Nyimbo hizi nakupigia mimi. Kula." Nimeiweka kwenye kompyuta yake katikati ya nyimbo za kanda ya kijani na leo nitaicheza, sauti juu. Ukipata barua hii nitakuwa nimeshaicheza.

Simu ilikuwa inzi. Spika si inzi.

Niambie atakachosema.

Waya


Tarehe 3 Mei

Waya,

Marahaba. Sote wazima.

Mimi sikuisikia sauti yako, hilo unalijua. Niliona kwenye skrini jina la wimbo limebadilika likawa "Sauti yangu", nikaweka kiganja, spika ikatetemeka kidogo tu, kama paka. Nikageuka kwa Mama. Alikuwa amegeuza uso kuelekea mlango.

Akasema, "Kuna mteja."

Nikasogeza sikio zima karibu. Akaendelea: "Mwambie akae. Zamu yake itafika. Huyu si wa mtaa huu, anaongea kama mtu aliyetoka mbali."

Uliicheza tena kesho yake, na keshokutwa. Siku ya pili alisema, "Yule mteja bado yupo?" Siku ya tatu alisema, "Hana subira. Mpe gazeti."

Nilikaa na barua hii kwanza, nikaona kukuficha ni kukudharau. Lakini sikia: hakuogopa, wala hakukufukuza. Amekupa kiti na gazeti. Mimi mwenyewe humu ndani ni mfuaji wa taulo, na si mfuaji mzuri.

Dada yako


Tarehe 24 Mei

Waya,

Salamu. Sijapata barua yako, nami sikai kuhesabu ni siku ngapi.

Skrini haisogei. Spika imetulia tangu barua yangu ya mwisho ikufikie. Mwanzo nilidhani ni umeme, umeme upo. Nikamwita fundi, akatazama, akasema upande wetu kila kitu kinapumua. Nikajaribu kucheza kanda mwenyewe na kushusha kwa mkono wangu saa sita. Mama hakutulia. Nadhani nashusha vibaya. Sisikii ninachoshusha, naona mstari tu; pengine nashusha kwa ghafla, au katikati ya neno. Wewe ulikuwa unajua mahali.

Hali chakula tena. Kile alichokuwa amekirudisha mwilini kinaondoka.

Ukiwa mgonjwa niambie. Ukiwa kazini wamekukuta, niambie. Ukiwa umekasirika, kasirika. Una haki. Lakini shusha sauti saa sita.

Dada yako


Tarehe 28 Mei

Dada, shikamoo.

Kulikuwa na hitilafu kwenye programu. Imetengenezwa. Kuanzia leo saa sita.

Waya


Tarehe 16 Juni

Waya,

Marahaba. Fundi alisema hakukuwa na hitilafu. Sikuulizi.

Saa sita unashusha, Mama anatulia, tunakula. Bati nimelibadilisha lote badala ya kuliziba, na sasa mvua imekata, ndivyo mambo yalivyo. Mshona viatu ameshona viatu vipya kwa kipimo chako cha zamani, kaongeza kidogo mbele. Ameviweka dirishani kwake na akiulizwa ni vya nani anasema ni vya mtu anayekuja. Nimemwambia aache. Hasikii, na yeye masikio yake ni mazima.

Daktari alikuja nyumbani. Alimpima, akaniandikia dawa ya kikohozi. Tulizungumza nje kidogo.

"Sauti yangu" nimeona umeitoa kwenye nyimbo. Mama aliuliza jana, "Yule mteja alikwenda?" Nikamwambia ametoka kidogo, atarudi. Akasema, "Asipoteze zamu yake."

Endelea hivyohivyo na saa sita.

Dada yako


Tarehe 21 Julai

Waya, mdogo wangu,

Nilikutumia meseji Jumatatu jioni, kwa hiyo unajua. Tumemzika Jumanne karibu na Baba. Watu walikuja wengi, wengine wateja wa zamani wenye mvi ambao Baba aliwanyoa kwa mara ya kwanza wakiwa watoto, wakilia. Mshona viatu alibeba jeneza upande wa mbele. Fundi alisimamia maji na vikombe. Kila kitu kilifanyika inavyotakiwa, usiwe na wasiwasi kuhusu hilo.

Sasa nitakuandikia yale ambayo hayaingii kwenye meseji.

Kwanza, mwezi wa sita daktari aliniambia nje kwamba hatavuka mwezi mmoja. Sikukuandikia. Nilipokuambia tunakula, maana yake ilikuwa anafungua mdomo. Kilichoingia kilikuwa kidogo, wiki ya mwisho kilikuwa maji. Ningekuambia, ungetoka huko, mlango ungefungwa nyuma yako, na usingemkuta. Niliamua peke yangu. Ukitaka kunilaumu, andika, nitasoma.

Pili ni Jumatatu yenyewe.

Saa sita ulishusha, kama kila siku. Nilikuwa na kikombe cha maji na kijiko. Mama alitulia. Mikono ikasimama juu ya shuka, kidevu kikainuka. Nikamwekea kijiko mdomoni, maji yakatoka pembeni. Nikaacha, nikamfuta, nikamshika mkono tu.

Kwa kawaida unapandisha baada ya nusu saa. Siku hiyo hukupandisha. Nilitazama skrini mara kadhaa, mstari ulikuwa chini. Nikajua umeitwa kazini. Mama naye alikuwa anangoja. Najua alikuwa anangoja kwa sababu hakurudi kuvuta shuka. Alikaa na kidevu juu, uso kuelekea chumba cha mbele, kama mtu anayejua wembe umeshatoka na anashangaa kwa nini hakuna anayesema kitu.

Kisha akasema jambo. Niliinama nikaweka sikio zima karibu na mdomo wake, nikamwomba arudie. Akarudia. Akasema vizuri, bila kukata neno, kwa ile sauti ya kumkumbusha mtoto kazi yake:

"Waya. Pandisha."

Nikamwambia, "Nitamwambia." Akatikisa kichwa kwamba sawa.

Kipanya kilikuwa mezani, mkono wangu ungefika. Ningeweza kupandisha mwenyewe. Nilisimama kabisa. Halafu nikakumbuka nilivyoshusha vibaya mwezi wa tano, nikakaa. Aliyeitwa si mimi.

Alikaa akingoja muda kidogo. Kisha pumzi zikawa zinaachana zaidi na zaidi, na moja haikufuatwa na nyingine. Nilikuwa nimemshika mkono, ndiyo maana nilijua. Kwa masikio nisingejua.

Nilimfumba macho. Nilikuwa bado nimekaa pale niliposhtuka kuona mstari kwenye skrini unapanda, taratibu, mpaka mahali pake. Nikaweka kiganja kwenye spika. Ilikuwa inatetemeka.

Mwezi wa nne uliniuliza kama amejua kwamba ni wewe. Nimekuandikia neno kwa neno.

Kompyuta sijaizima. Sijui kama nizime.

Dada yako


Tarehe 2 Agosti

Dada, shikamoo.

Pole na mazishi. Asante kwa kumzika Mama na kwa kumshika mkono. Wasalimie wote waliokuja, fundi na mshona viatu hasa. Mwambie asivitoe viatu dirishani.

Sikulaumu. Nilijaribu siku mbili, sikupata pa kuanzia.

Nikuambie kwa nini nilichelewa. Kulikuwa na mtu ofisi fulani, kompyuta yake ilipoteza maandishi ya wiki nzima, alikuwa analia kwenye simu. Nilikuwa ndani ya kompyuta yake, nayatafuta. Kidirisha kilikuwa pembeni, kijani. Nilikiona. Niliona muda umepita na sauti bado iko chini, nikawaza: basi leo anakula vizuri, nisimkatize. Nikaendelea na yule mtu. Maandishi yake niliyapata yote. Aliniambia asante.

Hiyo hitilafu ya mwezi wa tano unajua ilikuwa nini. Sitaiandika.

Tangu Jumatatu ile sijabonyeza kitu. Nakiona kidirisha kila asubuhi, bado kijani, kanda imesimama mahali ilipoishia. Naelewa kwamba hujazima ukingoja niseme. Ukizima kitakuwa kijivu, na hivyo ndivyo itakavyokuwa. Lakini nakuomba Jumapili moja.

Jumapili hii saa sita, kama umeme upo, funua kile kiti cha Baba ukivute mpaka chumbani, ukae, uweke kiganja juu ya spika. Nitacheza kanda ya kijani, upande wa pili, ule aliokuwa anaupenda Mama akifua. Najua hutasikia. Sikiliza kwa mkono.

Katikati utahisi imetulia. Usidhani umeme umekatika, wala usiguse kipanya. Kaa tu palepale. Nitapandisha.

Mdogo wako,
Waya